Kung'arisha Taa za Gari: Sifa ya Kazi ya Msasa na Maji

Taa ya mbele ya gari la siku hizi ni kazi ya vitu vitatu vinavyotegemeana: balbu hutoa mwanga, kiakisi huukusanya na kuuelekeza, na kifuniko angavu huupitisha hadi barabarani huku kikizuia maji, vumbi na mawe. Katika magari mengi yanayopita Mirongo na mitaa mingine ya Mwanza, IST, Noah, Probox na Hiace za daladala, vitu viwili vya kwanza huwa bado vizima wakati cha tatu kimekwisha kuingia ukungu. Taa zinawaka, lakini dereva haoni. Kuurudisha uangavu wa kifuniko hicho ni ufundi unaowezekana nyumbani, kwa maji, msasa na subira, nao ni miongoni mwa kazi za mikono zinazostahili sifa kubwa kuliko ile zinayopewa.

Kwa miaka mingi vifuniko vya taa vilikuwa vya kioo halisi, na Land Rover na Land Cruiser za zamani bado zina taa za namna hiyo. Kioo hakigeuki manjano kwa jua, lakini ni kizito, huvunjika kwa jiwe moja, na ni kigumu kukipinda kifuate umbo la bodi. Mwaka 1953 mkemia Hermann Schnell wa kampuni ya Bayer nchini Ujerumani alitengeneza plastiki iitwayo polikaboneti, na karibu wakati uleule Daniel Fox wa General Electric nchini Marekani akaifikia kwa njia yake mwenyewe. Uzito wake ni kama nusu ya uzito wa kioo, hustahimili kugongwa, na huanza kulainika joto linapokaribia nyuzi 150 za Selsiasi. Marekani iliruhusu taa zenye vifuniko vya plastiki mwaka 1983, na Lincoln Mark VII ya mwaka 1984 ikawa gari la kwanza la nchi hiyo kuja nazo. Leo karibu kila gari dogo linaloshushwa bandarini Dar es Salaam limevaa polikaboneti usoni.

Udhaifu wa plastiki hii ni jua. Mionzi ya urujuanimno hukata minyororo ya molekuli zake, nayo oksijeni ya hewani huingilia pale palipokatika. Mabaki ya mchakato huo hunyonya mwanga wa bluu, na kitu kinachonyonya bluu macho hukiona cha manjano. Watengenezaji walilijua jambo hilo tangu mwanzo, ndiyo maana kila kifuniko hutoka kiwandani kimepakwa utando mgumu na angavu, mwembamba mara kadhaa kuliko unywele wa binadamu. Utando huo ndio ngao. Hupokea mionzi kwa niaba ya plastiki iliyo chini yake, na baada ya miaka kadhaa huchoka: hupata nyufa zisizoonekana kwa macho, hukwaruzika, hubanduka mabaka mabaka. Hapo kifuniko kimoja huwa na magonjwa mawili. La kwanza ni umanjano, unaotokana na kemia. La pili ni ukungu, unaotokana na maelfu ya nyufa na mikwaruzo inayoutawanya mwanga kila upande. Yote mawili huanzia sehemu ya juu ya kifuniko, inayoelekea angani, kisha hushuka.

Mwanza huyaharakisha magonjwa hayo. Jiji liko nyuzi 2 na nusu tu kusini mwa Ikweta, na uso wa Ziwa Victoria wenyewe uko mita zipatazo 1,134 juu ya usawa wa bahari. Jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, na hewa iliyopo juu ya mji ni pungufu kuliko ile ya pwani, hivyo mionzi hufika ikiwa na makali zaidi. Magari mengi hulala na kushinda nje. Vumbi la jiji hili nalo si la kubezwa. Linatokana kwa sehemu kubwa na miamba ya graniti, na ndani ya graniti mna chembe za kwatzi, madini magumu kuliko chuma, sembuse plastiki. Anayeifuta taa kwa tambara kavu asubuhi, kwa nia njema kabisa, anaisugua kwa msasa asioujua. Usiku wadudu wa ziwani hujipigiza kwenye taa na kukaukia hapo, na kuwabandua bila maji huongeza mikwaruzo juu ya mikwaruzo.

Hasara yake hupimika. Mwaka 2018 Chama cha Magari cha Marekani, AAA, kilichapisha matokeo ya vipimo vyake: taa zenye vifuniko vilivyochakaa zilitoa kama asilimia 20 tu ya mwanga wa taa mpya, na zilipong'arishwa zikarudi hadi karibu asilimia 70. Lakini mwanga unaopotea barabarani hauishi; sehemu yake hutawanyika juu na pembeni, ikaingia machoni mwa anayekuja mbele. Gari lenye taa za ukungu humnyima dereva wake kuona na papo hapo humpofusha mwenzake. Kufunga balbu kali zaidi nyuma ya kifuniko kama hicho huongeza upofu huo. Mwanza jua huzama karibu saa moja jioni mwaka mzima na giza huingia upesi, wakati watembea kwa miguu, baiskeli na bodaboda bado wamejaa pembeni mwa barabara. Tangu mwaka 2023 serikali ilipofungua tena safari za usiku za mabasi, barabara kuu nazo zina macho mengi zaidi yanayotegemea taa. Kwa hiyo anayesugua kifuniko cha taa yake anamfanyia kazi pia mtu asiyemjua, anayevuka barabara akiwa na nguo nyeusi.

Ufundi huu haukufika kwenye mji mgeni wa kazi za namna hiyo. Pale Makoroboi, katikati ya jiji, mafundi bati waligeuza makopo na mabati chakavu kuwa koroboi za mafuta ya taa zilizoangaza nyumba za kando ya ziwa. Wazo lao na wazo la anayeng'arisha taa ya gari ni moja: si lazima mwanga ununuliwe mpya, na kilichochakaa bado kina kazi ndani yake kikipata mikono inayojua.

Kazi huanza kwa kuchunguza. Kifuniko huoshwa, kisha humwagiwa maji safi na kutazamwa kikiwa kimelowa. Maji yakijaza nyufa na mikwaruzo, mwanga hupita karibu moja kwa moja na ukungu huonekana kutoweka. Taa inayoangaa ikiwa imelowa na kurudi ukungu ikikauka ina ugonjwa wa juu ya ngozi, na msasa utaiponya. Taa inayobaki na ukungu hata ikiwa imelowa ina tatizo jingine: labda unyevunyevu umeingia kupitia mpira uliochoka au tundu la nyuma lililokosa kifuniko chake, labda kiakisi kimebabuka kwa joto la balbu, labda plastiki yenyewe imepasuka ndani. Hakuna kusugua nje kutakakoliondoa tatizo la ndani. Hukumu hii ya mwanzo, inayochukua dakika chache na ndoo moja ya maji, ndiyo inayomtenganisha fundi na mtu mwenye msasa.

Vifaa ni vichache, na vinapatikana katika maduka ya spea na ya rangi za magari: karatasi za msasa wa maji za namba 600, 800, 1000, 1500, 2000 na 3000, tepu ya karatasi, beseni mbili za maji, sabuni ya vyombo, vitambaa laini na safi, polishi ya kusugulia, ile mafundi wa rangi wanayoiita kompaundi, na dawa ya kuzuia jua ya kumalizia. Mashine ya kupolishi au drili yenye sponji hurahisisha hatua ya mwisho, lakini mkono unatosha.

Baada ya kuoshwa kwa sabuni, kifuniko huzungushiwa tepu pande zote, tabaka mbili au tatu, ili msasa usije ukala rangi ya bodi na bampa. Kisha msasa hulowekwa kwa dakika kadhaa uwe laini na ukunjike bila kuvunjika. Namba ya kuanzia hutegemea hali ya taa. Utando wa kiwandani ukiwa unabanduka mabaka, huanzwa na 600, kwa sababu lazima uondoke wote. Mpaka kati ya sehemu yenye utando na isiyo nao ukiachwa, utaonekana chini ya polishi yoyote. Taa yenye ukungu mwepesi huweza kuanzwa na 1000.

Kusugua kwenyewe kuna kanuni moja inayobeba nyingine zote: kazi ya kila msasa ni kufuta alama za msasa uliotangulia, na hakuna kupanda namba kabla alama hizo hazijafutika. Chembe za msasa namba 600 zina upana wa karibu mikromita 26, za 1000 kama 18, za 2000 kama 10. Kila moja huacha mifereji inayolingana na ukubwa wake. Ili mwanga upite bila kutawanyika, mifereji hiyo inapaswa kushuka hadi iwe midogo kuliko mawimbi ya mwanga wenyewe, ambayo hayafiki hata mikromita moja. Huo mteremko hauna njia ya mkato. Anayeruka kutoka 600 hadi 2000 atasugua nusu siku, na mifereji mirefu ya mwanzo bado itakuwa pale, imezungukwa na uso laini unaoidhihirisha zaidi.

Ndiyo maana mafundi hubadili mwelekeo kila wanapobadili namba: 800 husuguliwa kwa kwenda kushoto na kulia, 1000 kwa kupanda na kushuka, 1500 kushoto na kulia tena. Alama za zamani huonekana kukingama na mpya, na ikitoweka ya mwisho, namba hiyo imemaliza kazi. Msasa hukandamizwa kwa kiganja kilicholala au kwa kipande cha sponji, si kwa ncha za vidole, kwa kuwa vidole huchimba mabonde. Maji humiminwa bila kukoma, yaondoe unga wa plastiki kabla haujaziba msasa au kuchora mikwaruzo mipya. Beseni ya kwanza husafisha msasa, ya pili hubaki safi kwa kitambaa cha kufutia, na zote mbili hubadilishwa maji kila namba inapobadilika. Chembe moja ya 600 iliyobaki kwenye kitambaa huweza kuharibu kazi ya 2000.

Mwanzoni maji yanayotiririka huwa ya manjano machafu. Ni utando na plastiki iliyoungua. Yanapogeuka meupe, ngozi mbovu imekwisha na plastiki nzima imefikiwa. Kifuniko chenyewe wakati huo huwa cheupe kama barafu, kibaya kuliko kilivyokuwa, na hapo ndipo wengi huvunjika moyo. Lakini weupe ule ni wa aina nyingine. Ukungu wa jua hauna mpangilio na umeingia ndani. Weupe wa msasa ni wa juu, umesawazika, na kila namba inayofuata huupunguza. Imani ya fundi iko katika kujua tofauti hiyo kwa kugusa: kiganja kikipitishwa juu ya taa iliyosuguliwa vizuri hakikwami popote.

Maji yale ya kusugulia hayapaswi kumwagwa mferejini. Mifereji ya maeneo ya Mirongo huelekea Mto Mirongo, nao mto huingia ziwani, na unga wa plastiki hauozi. Beseni huachwa itulie hadi unga uzame, maji ya juu yakamwagwa kwenye udongo, na tope lililobaki likakaushwa na kutupwa pamoja na taka ngumu.

Baada ya 3000 inakuja kompaundi. Hupakwa kidogo kwenye kitambaa au sponji na kusuguliwa kwa miduara hadi weupe wote uishe. Anayetumia mashine huiendesha polepole na kuihamisha kila wakati, maana ikisimama mahali pamoja joto la msuguano huifanya plastiki ilainike na kuvutika. Kidogo kidogo kiakisi huonekana, kisha balbu, kisha herufi ndogo zilizochongwa ndani ya taa. Mtazamaji husema kazi imekwisha. Ukweli ni kwamba sehemu inayoamua umri wake haijaanza.

Kifuniko kilichosuguliwa hakina ngao tena. Msasa umeondoa utando mbovu, lakini haukuweka mwingine, na plastiki iliyo uchi chini ya jua la Mwanza huanza kurudi ukungu baada ya wiki au miezi michache. Kwa hiyo lazima ivishwe. Njia nyepesi ni nta ya magari au dawa ya kupaka kwa kitambaa yenye kizuia mionzi. Ni rahisi, lakini huoshwa na mvua na sabuni, na hudai kurudiwa mara kwa mara. Njia imara ni vanishi angavu ya magari yenye sehemu mbili, vanishi na hadina ya kuikaza, iliyoandikwa kuwa inazuia mionzi ya urujuanimno. Njia hii haihitaji kompaundi kabisa. Msasa husimama kwenye 1000, kifuniko hufutwa kwa spiriti na kuachwa kikauke kabisa, kisha hupulizwa tabaka mbili nyembamba au tatu. Vanishi hujaza mifereji iliyobaki kama maji yalivyofanya wakati wa uchunguzi, ila yenyewe hukauka na kukaa, na mifereji hiyo huipa mahali pa kushika. Ikipulizwa juu ya plastiki iliyokwisha kung'arishwa kwa polishi, hukosa pa kushika na baadaye hubanduka.

Hadina ina kemikali za isosayaneti, zinazoweza kuleta pumu. Hupulizwa mahali pa wazi, mpulizaji akiwa na barakoa ya kemikali na glavu, watoto wakiwa mbali. Asiye na vifaa hivyo hufanya kazi yote ya msasa nyumbani na kupeleka gari kwa fundi rangi kwa hatua hiyo moja. Siku nayo huchaguliwa. Miezi ya kiangazi, kuanzia Juni hadi Agosti, ni mizuri kuliko masika, lakini mchana wake upepo huinua vumbi. Asubuhi, umande ukishakauka na upepo wa ziwani haujapanda, ndio wakati bora. Gari hukaa kivulini wakati wa kupulizwa, kisha huachwa siku nzima bila kuoshwa.

Kando ya njia hii ya haki zimejaa njia za mkato, na inafaa zitajwe kwa ubaya wake. Dawa ya meno ina chembe laini za kusugulia, kwa hiyo huondoa kweli ukungu mwepesi. Lakini haina kinga yoyote, na taa hurudi ilikokuwa. Dawa ya kufukuza mbu yenye DEET huonekana kufanya muujiza kwa sababu huyeyusha ngozi ya plastiki, ikaziba nyufa kwa muda na kuidhoofisha kwa kudumu. Thina na petroli huipasua kwa nyufa za ndani zisizotibika. Mvuke wa kemikali unaopulizwa kutoka kikombe cha moto nao huyeyusha uso wa plastiki. Taa hung'aa baada ya dakika chache, lakini mvuke huo ni sumu kwa anayeuvuta, na taa iliyolainishwa hivyo bado haina ngao dhidi ya jua. Tabia ya njia hizi zote ni moja: hutoa mng'aro wa siku ya kuuza gari, zikamwachia mnunuzi giza la miezi inayofuata. Ufundi wa kweli hutoa nguvu zake nyingi katika mambo ambayo mteja haoni, yaani utando uliokwisha wote, alama zilizofutwa kabla ya kupanda namba, na ngao iliyovishwa baada ya mng'aro kupatikana. Hapo ndipo heshima yake ilipo.

Kuna faida nyingine iliyofichika katika kuitunza taa iliyopo. Japani huendesha upande wa kushoto kama Tanzania, hivyo taa za magari yake zimepangwa kuangaza zaidi ukingo wa kushoto na kumwepushia mwanga anayekuja. Taa ya kuigiza, au iliyotolewa kwenye gari la nchi zinazoendesha kulia, huweza kuivuruga hesabu hiyo. Kifuniko cha awali kilichosuguliwa vyema huihifadhi. Baada ya kazi, gari husimamishwa mbele ya ukuta usiku na kuwashwa taa za chini: mstari wa mwanga unapaswa kuwa mkali, taa zote mbili zikilingana. Mstari ukiwa umefifia, ukungu bado upo mahali. Ukiwa mkali lakini uko juu mno, taa zinahitaji kurekebishwa, kazi ya bisibisi.

Utunzaji baada ya hapo ni mwepesi. Taa huoshwa kwa maji mengi na sabuni kabla ya kuguswa na kitambaa, wadudu hulowekwa kwanza kabla ya kuondolewa, na gari huegeshwa kivulini kila inapowezekana, au uso wake ukielekezwa mbali na jua la mchana. Nta hupakwa juu ya vanishi mara kwa mara. Kila kusugua hupunguza unene wa plastiki kidogo sana, kwa hiyo kifuniko kinaweza kurudiwa mara kadhaa katika maisha ya gari. Kilichopasuka, au kilichochimbika kwa mawe, hubadilishwa.

Kazi hii haipimwi siku ilipomalizika, kwa kuwa siku hiyo taa ya fundi na taa ya dawa ya meno huweza kufanana. Hupimwa baada ya masika moja na kiangazi kimoja. Taa iliyopita mvua hizo, jua hilo na vumbi hilo ikiwa bado angavu imefanyiwa kazi sawasawa tangu ndoo ya kwanza ya maji.